Sehemu ya 9: Spliti pini ya mkiani, na usiku niliosoma ampuli kwa sauti

 

Wiki iliyopita niliahidi tutaongea kuhusu kumpa mtoto dawa nyumbani. Nitafika huko, usijali. Ila leo naomba nianzie mbali kidogo, kwenye nati na boliti za ndege ndogo. Najua unajiuliza sista kaingiliwa na nini leo. Vumilia, utaona mwenyewe zinakutana wapi.

Wengi mnajua mimi ni nesi. Wachache mnajua kwamba baba watoto wangu ni fundi wa ndege. Siyo zile kubwa za kwenda Ulaya. Ni hizi ndogo zenye pangaboi puani, za abiria kumi na kitu, kama Cessna Caravan. Kama umewahi kwenda Mafia au mbugani kwa ndege, kuna uwezekano mkubwa umekaa ndani ya moja. Zinabeba watalii, walimu, mizigo, na siku nyingine zinabeba wagonjwa wetu kutoka sehemu ambazo barabara ikikatika na mvua hakuna njia nyingine.

Sasa nikusimulie usiku mmoja.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miezi minane. Mchana ule alipandisha homa, mimi nimetoka zamu ya usiku sijalala, dada wa kazi kaenda kwao kwenye msiba. Nikampigia baba watoto simu mara mbili kazini. Akaniambia mpe dawa, mkande na kitambaa, nikimaliza nakuja. Akaja saa mbili usiku. Tukakaa kula, ugali na dagaa, mtoto yuko mapajani kwangu anahema kama kakimbia.

Katikati ya kula akasimama na tonge mkononi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Sikumbuki kama nilikunja ile spliti pini."

"Ipi?"

"Ya mkiani."

Akanawa, akachukua funguo ya pikipiki, akatoka. Nje mvua. Nikamwita, "Si uliniambia kuna mwenzako anakuja kukagua alfajiri kabla ndege haijaondoka?" Akageuka mlangoni akasema, "Yeye anakagua kazi yangu, mama. Hafanyi kazi yangu." Nikasikia pikipiki inaondoka.

Jamani, nilikasirika. Mtoto ana homa ya 39, mimi macho yamevimba kwa usingizi, mwanaume anaondoka usiku kwa ajili ya pini! Alirudi inakaribia saa sita, amelowa chapachapa. Nikamuuliza, umekuta nini?

"Ilikuwepo. Imekunjwa vizuri kabisa."

Hapo ndo nikalipuka. Kwa hiyo umeniacha na mgonjwa umeenda kuangalia kitu ambacho kipo? Hakunijibu. Alibadili nguo, akamchukua mtoto, akakaa naye sebuleni mpaka alfajiri. Mimi nikalala kwa hasira.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Nikamkuta mezani kaweka boliti moja, nati moja na kitu kidogo kama kibanio cha nywele. Akaniambia, "Kaa nikuonyeshe." Na mimi nataka nikuonyeshe alichonionyesha, maana nilikuwa sijui kabisa.

Ndege inatikisika muda wote. Injini inatikisa, upepo unatikisa, kutua kwenye kiwanja cha vumbi kunatikisa. Mtikisiko kazi yake ni kulegeza nati, kidogo kidogo, saa baada ya saa. Kwa hiyo kwenye ndege kukaza peke yake hakutoshi. Kila nati lazima iwe na kitu cha pili cha kuizuia isirudi nyuma.

Kuna nati zenye mkufu wa nailoni ndani, unaobana uzi wa boliti. Hizo zinafaa sehemu nyingi, lakini siyo kila mahali. Kwenye joto kali la injini nailoni inaharibika. Na kwenye kiungo kinachozunguka, mfano mikono inayovuta ubao wa mkiani unaoinua na kushusha pua ya ndege, haziruhusiwi, kwa sababu ule mzunguko wenyewe unaweza kuifungua nati. Halafu nati ya aina hiyo ikishachoka, ukaweza kuizungusha kwa vidole bila spana, inatupwa hata kama inang'aa.

Kwenye viungo vinavyozunguka wanatumia nati yenye mapengo juu, kama taji. Boliti yake ina tundu nchani. Unakaza, unalinganisha pengo la nati na tundu la boliti, unapitisha spliti pini, halafu unakunja miguu yake: mmoja unapanda juu ya ncha ya boliti, mwingine unalala chini ubavuni mwa nati. Hapo hata mtikisiko uje vipi, nati haina pa kwenda. Pini ikitolewa haitumiki tena. Inawekwa mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Nikamuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza: je, ukikaza mpaka mwisho halafu tundu na pengo havikutani? Akacheka. Akasema hapo ndipo fundi mvivu anapojulikana. Mvivu ataikaza kupita kiasi ili tundu litokee, au atairudisha nyuma kidogo. Vyote viwili ni makosa. Anayefuata utaratibu anafungua, anabadilisha washa aweke nene au nyembamba zaidi, anaanza upya. Dakika kumi zaidi, basi.

Na huko kukaza siyo kwa kukadiria mkono. Kuna spana ya kupimia nguvu, na yenyewe inapelekwa kuhakikiwa kila baada ya muda, kama sisi na mizani ya watoto kliniki. Boliti ya chuma ya robo inchi yenye uzi mwembamba, kwa jedwali la kawaida, inakazwa kati ya pauni-inchi 50 na 70, isipokuwa kitabu cha ndege yenyewe kiseme tofauti. Chini ya hapo inacheza, na kitu kinachocheza kinachoka na kukatika. Juu ya hapo boliti inavutika kupita uwezo wake. Inaweza isikatike leo, ikaja kukatika angani mwezi ujao. Hata mafuta kwenye uzi yanabadilisha hesabu, maana kitu kilichopakwa mafuta kinateleza, na kwa nguvu ileile kinakazika zaidi.

Mengine aliyonionyesha nitayapitia haraka. Boliti, inapowezekana, inaingizwa kichwa kikiwa juu au mbele, ili hata nati ikidondoka, boliti ibaki imekaa tunduni. Sehemu laini ya boliti, ile isiyo na uzi, ndiyo inapaswa kukaa ndani ya vyuma vinavyoshikwa. Uzi hautakiwi kubeba mzigo humo ndani. Pale panapotumika waya badala ya pini, unasokotwa mizunguko 6 hadi 8 kwa kila inchi, na unavutwa kuelekea upande wa kukaza, ili nati ikitaka kulegea waya uikatalie. Na mwishoni wanapaka mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni. Siku mstari ukionekana umekatika katikati, wanajua nati imesogea.

Nilimsikiliza, ila bado nilikuwa na kinyongo. Nikamwambia, "Sawa, nimeelewa pini. Sijaelewa kwa nini ulisahau."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Nilikuwa nimeshapitisha pini, nashika koleo ili nikunje, simu ikaita."

Mwenzangu, simu ile niliipiga mimi.

Hakuniambia kwa kunilaumu. Alisema kosa ni lake, simu haikupaswa kuwa mfukoni, na alipomaliza kuongea alitakiwa arudi nyuma hatua tatu kabla ya kuendelea. Hiyo ndiyo kanuni yao: ukikatishwa kazi, hauendelei pale unapodhani uliishia. Unarudi hatua tatu. Yeye hakurudi. Aliendelea na kitu kilichofuata kwa sababu alikuwa anamuwaza mtoto. Mikono ikakunja pini kwa mazoea, akili haikuwepo. Ndo maana pini ilikuwepo na yeye hakuwa na kumbukumbu nayo.

Tangu siku ile sijampigia saa za kazi. Namwachia ujumbe, kama ni dharura nampigia mtu wa ofisini kwao.

Sasa nikupeleke Uingereza kidogo, maana kisa hiki alinisimulia yeye na nikakisoma mwenyewe baadaye. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya abiria ya British Airways iliondoka Birmingham kwenda Málaga, Hispania. Ilipofika kama futi 17,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka. Kapteni, Tim Lancaster, akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu wakamshika miguu kama dakika ishirini, huku rubani msaidizi akiishusha ndege Southampton. Na kapteni alipona! Abiria wote walishuka salama.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 kabla ya safari. Boliti zake zilikuwa 90. Zilipohesabiwa, 84 zilikuwa na kipenyo kidogo kuliko kinachotakiwa, tofauti isiyofika hata milimita moja. Sita zilizobaki zilikuwa fupi. Na kioo kiliwekwa kwa nje, kwa hiyo hewa ya ndani ilikuwa inakisukuma kitoke na kilichokishikilia ni boliti tu.

Aliyezifunga hakuwa mlevi wala mzembe wa kutupwa. Alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku, mtu mwenye uzoefu, watu wamepungua, akaamua kuifanya kazi mwenyewe. Hakuangalia namba kwenye kitabu. Alichukua boliti za zamani akaenda kutafuta zinazofanana nazo, kwa macho, kwenye mwanga hafifu, alfajiri. Na hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua.

Zamu ya usiku. Watu wamepungua. Mwanga hafifu. Vitu vinafanana. Mimi nilipofika hapo nilihisi baridi mgongoni, kwa sababu ninayaishi hayo.

Hiki ninachoenda kuandika sijawahi kukisema hapa. Nimekifikiria wiki nzima kama nikiandike.

Ilikuwa miezi kadhaa baada ya usiku ule wa pini. Wodi ya watoto wachanga, saa tisa usiku, tuko wawili. Vitoto vilikuwa vingi kuliko vitanda. Nilikuwa naandaa antibayotiki ya mtoto mmoja, kichanga wa kilo 2 na kidogo, mama yake amelala amekaa kwenye benchi pale mlangoni. Dawa ya unga, inachanganywa na maji ya sindano. Nikanyoosha mkono kwenye boksi ambalo nimelinyooshea mkono mara elfu, nikachukua ampuli ya plastiki, nikavunja kichwa, nikachomeka sindano.

Sista mwenzangu, mkubwa kwangu kiumri, wodini wote tunamwita Mama, alikuwa amesimama upande wa pili na kalamu. Utaratibu wetu ni kwamba kabla dawa haijavutwa, mmoja anasoma mwenzake anasikiliza. Ila ukweli wa saa tisa usiku mnaujua. Mara nyingi mmoja anasema "maji" mwingine anasema "sawa."

Nikasema, "Maji."

Alikuwa amechoka kuliko mimi. Angeweza kusema sawa. Akasema, "Nisomee."

Nikageuza ampuli nisome. Nikaanza, "Potasi..." Nikanyamaza.

Ilikuwa potasiamu kloraidi. Dawa nzuri ikichanganywa kwenye dripu kwa kipimo chake. Ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa, bila kuchanganywa, inasimamisha moyo. Ampuli saizi ileile, plastiki ileile, maji yaleyale meupe. Mtu fulani alizirudisha boksi moja, na mimi nilichagua kwa mkono, kama yule wa Birmingham alivyochagua kwa macho.

Haikumfikia mtoto. Niliitupa. Nikaandaa upya, nikasoma kila neno kwa sauti, sauti inatetemeka. Asubuhi nilimwambia sista inchaji mwenyewe, nikajaza fomu, na siku ileile zile ampuli zikahamishwa zikafungiwa kabati lingine. Mama wa yule mtoto alipoamka alinisalimia, akaniambia, "Asante sista, leo kalala vizuri." Nikaitikia. Nikaenda chooni nikalia.

Baba watoto alikuja kunichukua. Nikamweleza pale pale nje ya geti, sijavaa hata kofia ya pikipiki. Nilidhani ataniambia pole, au Mungu mkubwa. Aliniuliza jambo moja tu, "Mmezitenganisha?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi twende ukalale."

Njiani ndo nikaelewa ule usiku wa mvua. Hakwenda kwa sababu alijua pini haipo. Alikwenda kwa sababu hakujua kama ipo, na kulikuwa na watu wangepanda ile ndege alfajiri wakiwa wamebeba watoto wao. Nilimwomba msamaha, nikiwa nyuma yake, sijui hata kama alinisikia kwa ule upepo.

Haya. Turudi nyumbani kwako sasa, kwenye dawa nilizoahidi.

Kwanza, soma, usitambue kwa macho. Chupa za paracetamol ya maji zinafanana. Kuna yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 kwa kila mililita 5. Hiyo ya pili ni zaidi ya mara mbili. Mama anayesema "mwanangu huwa anakunywa kijiko kimoja" bila kusoma chupa ya leo, anafunga boliti kwa macho. Soma namba, na uliza dozi kwa uzito wa mtoto wako wa sasa, siyo wa mwaka jana.

Pili, pima kwa kipimo. Tumia bomba la kupimia au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani, cha kwako na cha mama mkwe ni tofauti. Na usiongeze kidogo ili homa ishuke haraka. Kukaza kupita kiasi nako kunaharibu.

Tatu, weka alama. Chukua karatasi, bandika kwenye friji au mlangoni: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, nani kampa. Paracetamol isipungue saa 4 kati ya dozi na dozi, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto anaweza kuzidishiwa dawa na watu wanaompenda tu: mama kampa, bibi hajui akampa, dada naye akampa. Karatasi hiyo ndiyo mstari wako wa rangi kwenye nati.

Nne, ukikatishwa, rudi nyuma. Umeshika chupa, simu ikaita, ukarudi hujui kama ulishampa? Usikadirie. Angalia karatasi, angalia kiasi kilichobaki kwenye chupa, muulize aliyekuwepo. Kama hujapata uhakika kabisa, ni salama zaidi kusubiri muda wa dozi nyingine upite huku ukimpunguzia nguo na kumnywesha, na kama hali yake inakutia wasiwasi mlete hospitali. Mlete, hatukugombezi. Ukisikia tunagombeza, niambie mimi.

Tano, muulize mwenzako "nisomee" na usione aibu kuulizwa. Dada wa kazi akikuuliza, "Mama, ni hii kweli?" usimjibu kwa ukali. Siku ukimkaripia, siku nyingine hatouliza.

Na siku ukipanda ndege ndogo na wanao, mshike mtoto mkono tangu unatoka jengoni mpaka ngazini, na usimsogeze mbele ya pangaboi hata kama limesimama. Halafu ukiambiwa safari imechelewa nusu saa, fundi anaangalia kitu, usigombe. Kaa chini, mnyonyeshe mtoto. Kuna mtu amesimama pale mkiani na tochi, anahakikisha.

Sista yule ninayemwita Mama anastaafu mwakani. Nimemwambia nitamwandika hapa, akasema nisimsifie, alichofanya ni utaratibu tu.

Niambieni kwenye maoni, nyumbani kwenu dozi mnaiandika wapi? Na kama umewahi kukosea ukapona na mtoto wako, andika, hatumcheki mtu hapa. Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu mtoto anayetapika kila dawa anayopewa. Usiku mwema.